Waya wa Shaba Ndani ya Kontrola

Patroni wangu wa zamani alinifukuza mbele ya watu kwa kosa lake mwenyewe. Miaka minne nilikuwa fundi katika karakana yake hapa Gisenyi, nikitengeneza baiskeli za umeme za magurudumu matatu, zile ambazo watu wenye ulemavu huvushia mizigo kwenye mpaka wa Petite Barrière.

Ndani ya kontrola inayoendesha mota mna kipande kidogo cha chuma cha kupimia umeme. Umeme ukizidi, kontrola inaukata kabla mota haijaungua. Siku moja kipande hicho kilivunjika kwenye baiskeli ya mteja mmoja, na patroni akachomelea waya mnene wa shaba mahali pake.

"Patroni, kontrola itadanganyika," nilimwambia. "Itaona umeme ni kidogo, iuachie."

"We utanifundisha?"

Wiki haikuisha. Mwenye baiskeli, baba mmoja aliyepooza miguu tangu utotoni, alikuwa akipanda mlima na magunia ya viazi. Mota ikafuka moshi, baiskeli ikarudi nyuma na kumpindua. Alivunjika mkono. Alipokuja karakanani na ndugu zake wakiikokota baiskeli, patroni alininyooshea kidole. "Ni huyu musichana. Mi sikugusa. Toka hapa!"

Nilitoka. Mota ilikuwa imeungua, lakini kontrola niliyokuwa nimeichomoa ilikuwa nzima, na niliondoka nayo begini.

Nilimngoja mwaka mzima. Hatimaye chama cha wavushaji mizigo kiliwaita mafundi asubuhi moja, nami nikiwemo, ili kichague mmoja wa kutengeneza baiskeli zao. Patroni alikuja na shati lililopigwa pasi. Niliiweka ile kontrola mezani bila kifuniko, waya wa shaba ukionekana, nikaiunga na mota nyingine, nikabana breki. Kioo cha kontrola kilionyesha ampea sita. Nikafunga kipimo changu kwenye waya wa mota, nikamgeuzia.

"Patroni, utusomee."

Akakiinamia, akasoma kwa midomo tu.

"Kwa sauti."

"Makumi mbili na ine," alisema.

Yule baba wa mkono uliovunjika alijisogeza mbele. "Nani alichoma hii waya?"

Patroni alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikamtazama tu, mpaka akasema, "Ni mi."

Alinifuata nje. "Pardon. Ungeniambia tukiwa wawili."

"We ulinifukuza tukiwa wawili?"

Watu husema nimsamehe. Sijamsamehe. Mchana ule nilikula sahani mbili za sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na tangu hapo sijapata tena hamu ya chakula kama ile.