Mpepetaji wa Damu

Mtu wa maabara huongea na kioo chake kama anayebembeleza ng'ombe akamuliwe. Ni kipande kidogo chenye vijia vyembamba kuliko unywele, ambamo chembe kubwa za damu hujitenga na ndogo, ugonjwa ukaonekana. Leo damu ya mtoto wa Yunisi wa Ihanja, mwenye homa wiki nzima, ilizibwa humo na kiputo cha hewa. Yunisi alisimama dirishani, kanga mdomoni. Mtu wa maabara akakiinamisha kioo kama ungo, akakigonga ukingoni kwa kucha, taratibu.

"Kaka, kumbe unajua kupepeta?"

"Mama hakuzaa binti, dada."

Damu ikatembea. Akachungulia kwenye hadubini, muda mrefu.

"Majibu atasema daktari," akasema, kama anavyomwambia kila mtu. Ila alipogeuka kunawa mikono, mluzi wa raha ulimtoka, na Yunisi akaiachia kanga.