Mbwa Aliyejua Kiingereza

Kutoka Tabora nilikwenda Dodoma kwa treni, na kutoka Dodoma nikapanda lori la magunia ya karanga, siku nne, kupitia Kondoa na Babati, nikila vumbi asubuhi, mchana na jioni. Nilifika kwa dada yangu, aliyeolewa na Mmeru juu ya Tengeru, nikiwa na cheti cha sekondari na suruali moja. Cheti kilinipatia ukarani kwa Mwingereza mwenye shamba la kahawa. Mwaka haukwisha, akauza shamba na kurudi kwao. Viti vilinunuliwa, farasi alinunuliwa, hata mimi karani, mwenye shamba mpya alinikubali. Mbwa tu hakupata mtu, nikapewa mimi.

"Hajui lugha nyingine," alisema bwana yule. "Wewe naye angalau mtasikilizana."

Hivyo elimu yangu yote ikanipandisha cheo: mkalimani wa mbwa.

Nyumbani, mtoto mkubwa wa dada, wa miaka minne, alimwamkia mbwa, "Shikamoo." Alikwisha fundishwa kwamba kitokacho kwa Mzungu huheshimiwa. Mbwa akajibu kwa kujificha chini ya kitanda. Aliogopa radi, sufuria, majani ya migomba, na kuliko vyote, watoto wakikimbia. Nyumba ile ilikuwa nao wawili, mdogo akitambaa.

Dada alitaka mbwa aondoke siku hiyohiyo. Nikaamua kumwonyesha faida ya elimu. "Sit down!" Mbwa akajibwaga chini, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu.

"Umeona, dada? Anatii."

Shemeji alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Hakuinua hata kichwa. "Huyo hatii, shemeji. Anaogopa."

Sikuiona tofauti. Mimi mwenyewe nikiisikia lugha hiyo ofisini nilikaa vivyo hivyo, na nikaandikiwa barua ya tabia njema.

Nilimtetea wiki tatu. Nikamfundisha yule mtoto mkubwa kusema, "Siti dauni!" Akaisema kutwa nzima, akimwinamia mbwa usoni, naye mbwa akitetemeka kama mgonjwa wa homa. Hayo niliyaita maendeleo.

Jumapili moja, tukijiandaa kwenda kanisani, yule mdogo alitambaa mpaka kwenye bakuli la mbwa. Mbwa akanguruma. Nikapiga ukelele kwa Kiingereza safi kabisa, na mbwa, akiwa amebanwa baina ya sauti yangu na mkono wa mtoto, akauma. Meno yalipata gauni tu. Kitambaa kikachanika, ngozi ikasalimika.

Dada alimnyakua mtoto, akamkagua vidole kimoja kimoja. "Kesho ukiwa kazini," aliniuliza, "nitamkataza kwa lugha gani?"

"Tumfunge kamba."

"Ukimfunga mwoga unamwongezea sababu," alisema shemeji. "Mimi sina ugomvi naye. Lakini panga ninalo, na mtoto ni mtoto."

"Basi ataondoka," nilisema. "Nitaondoka naye."

Dada akacheka, machozi bado machoni. "Mdogo wangu, tangu ulipofika unaulizia malori ya Nairobi. Leo umepata mbwa wa kumsingizia!"

Lori lilikuja Alhamisi. Nilimpakia mbwa kwanza, nikamfunga karibu na begi langu. Chini, yule mkubwa alilia hadi akakosa pumzi. Nilijisikia mtu mwema sana. Nikainama kumfuta machozi.

"Mjomba, sogea!" alisema, akinisukuma. "Simwoni mbwa."

Nikasogea. Sijarudi tangu siku hiyo.