Sauti Iliyokomea Gethsemane

Nililelewa Mkumbi, milimani kwenye kahawa, katika nyumba ambamo baba alipima mwenendo wa mtu kwa ukali uleule aliotumia kupima kahawa: punje chache zilizooza zilitosha kulirudisha gunia zima. Sijaona sababu ya kuikana mizani hiyo. Nilipokuja kuwa mmisionari na mwanaisimu, nikatumwa upande wa ziwa, niliteremka nayo. Kwa hiyo kamati yetu ya tafsiri ilipotaka kanuni za kuwachagua wasomaji wa Injili ya sauti, mimi ndiye niliyeandika kwamba kila msomaji awe mtu wa ndoa moja. Hakuna aliyepinga, Mkatoliki wala Mwanglikana.

Injili yenyewe ilikuwa ya Marko, kwa Kimpoto. Wazee wa Ngumbo, kijiji tulichofanyia kazi, walisomeshwa kwa Kiswahili na hawakuzoea kuiona lugha ya mama zao karatasini, hivyo ilibidi waisikie. Tulitundika magodoro kwenye kuta za stoo ya kanisa ili kuzuia kelele, na kila mhusika tukampa msomaji wake. Jogoo akiwika tulianza upya. Bodaboda ikipita tulianza upya. Maneno ya Yesu tulimpa katekista mmoja, mvuvi, mtu asiyependa kusema sana, mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Wavuvi wenzake hawakumwacha. Kila alipofika ufukoni walimwamkia kwa unyenyekevu wa kejeli: "Bwana, leo nyavu tutupe upande gani?" Naye aliwajibu bila kucheka kwamba watupe upande ule ambao hawajalewa.

Ni desturi ya kazi yetu kwamba sura zilizokamilika hupelekwa majumbani kabla ya Injili yote kwisha, zikiwa kwenye kadi ndogo za kumbukumbu zinazochomekwa katika simu, ili watu watuambie ni wapi lugha haisikiki kama yao. Tulikuwa tumefika bustani ya Gethsemane, na kadi zimekwisha kusambaa, kaka yake katekista alipofariki. Matanga yalipoondolewa, ukoo ulikaa kikao ukamkabidhi yeye mjane wa marehemu amrithi, pamoja na watoto. Akakubali, ilhali ana mke.

Kamati ilisema kanuni ni kanuni. Mimi nilikwenda nyumbani kwake na shauri nililoliona la busara: awatunze watoto kama baba yao mdogo, amsaidie na shemeji yake, lakini asimwoe. Alikuwa akishona wavu, na hakuuweka chini. Alinieleza taratibu kwamba hilo alikwisha kuliomba, ukoo ukalikataa. Mjane asiyerithiwa angerudishwa kwao, na watoto wangebaki kwa upande wa baba. Mdogo wao alikuwa bado ananyonya.

"Mtumishi," akasema, "nionyeshe mlango wa tatu, nami nitaupita."

Nilimgeukia mkewe, aliyekuwa akichambua dagaa wa usipa kizingitini, nikidhani kwake nitapata angalau lalamiko ninaloweza kulisimamia. Alisema hakuulizwa na mtu. Na kama angeulizwa, yeye pia hakuwa na pa kuwapeleka wale watoto.

Nilirudi kwenye kamati nikaomba muda. Waliniuliza muda wa kufanya nini. Bado naamini kwamba mume ni wa mke mmoja, na sitakuja kufundisha vinginevyo. Bado pia sijui ningemtaka mtu yule afanye nini.

Muda sikupewa; nikaketi mbele ya kompyuta nikaifuta sauti yake, sura baada ya sura. Mwalimu mmoja kutoka Mbamba Bay akasoma yote upya, kwa ufasaha usio na dosari, hadi msalabani na kaburini. Katekista alivuliwa huduma. Siku hizi hukaa benchi la nyuma kabisa, na wake zake wawili hukaa upande wa wanawake, kila mmoja kivyake. Wavuvi hawamwiti tena Bwana. Hawamtanii kwa lolote, jambo ambalo pale ufukoni ni adhabu kubwa kuliko ile tuliyompa sisi.

Nilipewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba nikikusanya kadi za zamani na kuacha mpya. Wengi walinipa mlangoni. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake katekista, ambaye macho yake yameshaingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanikaribisha mkekani. Mjukuu alimwekea kadi mpya katika simu. Bibi alisikiliza kitambo, kichwa amekiinamisha kwa adabu, kisha akataka itolewe.

"Huyu anasoma vizuri," akasema. "Ila simjui."

Akarudishiwa ile ya zamani. Aliishika simu kwa mikono miwili, karibu na sikio.

"Mwanangu, mmoja nimeshamzika. Huyu wangu mlimwacha bustanini, anasali. Mtakuja lini kumtoa?"

Nilikuwa nimetumwa kuichukua kadi ile. Nilibaki nimeketi, ile mpya kiganjani. Ndani ya simu mwanawe aliomba kikombe kile kimwondokee, kisha pakawa kimya, kwa sababu hapo ndipo tulipokomea. Bibi akapapasa kitufe, akaanza upya.