Siku fisi maji alipomnasa mjomba wangu kwa hedifoni

Wakuu, habari za jioni. Hiki kisa ni changu, sijakitia chumvi. Anayebisha akawaulize wazee wa Ilemela, wapo ambao bado wanacheka.

Ilikuwa miaka ya tisini. Viwanda vya minofu vinafunguliwa, sangara ana bei, kila mwenye boti anajiona tajiri mtarajiwa.

Mimi ni Doto. Nilikuwa naendesha boti ya mjomba wangu, Masanja.

Pacha wangu Kulwa alikuwa anasomea viumbe wa baharini huko pwani. Likizo moja akarudi Mwanza na maikrofoni ya kuzamisha majini, ina waya mrefu na hedifoni. Ilikuwa ya kusikilizia pomboo, akataka kuijaribu kwanza ziwani.

Njiani akatueleza. Pomboo anatafuta njia kwa sauti. Anatoa milio mifupi ya haraka haraka, ikigonga samaki inamrudia, naye anajua samaki yuko wapi hata maji yakiwa tope.

Shida ni nyavu za nailoni. Uzi ni mwembamba, unarudisha sauti hafifu mno. Anakuja kushtuka kashanasa. Na kwa vile anavuta hewa kama sisi, anakufa maji.

"Mnyama wa majini anakufaje maji?" mjomba akauliza, akacheka peke yake mpaka tukafika.

Makila yetu, yaani nyavu za kutegea sangara, tulikuwa tumeyatega karibu na mawe. Nikazima injini. Kulwa akashusha maikrofoni, akanivalisha hedifoni.

Wakuu, nimezaliwa kando ya ziwa lile na sikujua kuwa lina kelele kiasi kile. Boti ya mbali kabisa ilinguruma kama iko tumboni mwangu. Kuna kitu kilikuwa kinatatarika kama mafuta kikaangoni. Nikaanza kucheka kama mlevi, nikashindwa kuacha.

Halafu nikasikia mkwaruzo. Ukanyamaza. Ukaanza tena.

Kugeuka, naona maboya ya mwisho yanazama na kuibuka. Fisi maji alikuwa amejiviringisha kwenye wavu, pua tu ndiyo inafika juu.

Mjomba akachukua kasia. Mnajua wavuvi na fisi maji. Anachana nyavu, anakula samaki.

"Leo nimempata mwizi wangu," akasema.

Kulwa akasimama mbele yake. "Mjomba, shikamoo."

Mjomba akaduwaa, maana walishaamkiana asubuhi. "Marahaba."

"Naomba umsikilize kwanza. Ukimaliza, fanya unavyotaka."

Akamvalisha hedifoni juu ya kofia yake ya sufu.

Nilimwona mjomba uso unalegea taratibu alipousikia ule mkwaruzo wa mnyama anayehangaika. Na kutoka kwenye mawe, hata sisi tusio na hedifoni tulisikia watoto wa fisi maji wakilia, sauti nyembamba kama filimbi, wanamwita mama yao.

Mjomba akaweka kasia chini.

"Doto, lete kisu."

Tukavuta kile kipande cha wavu mpaka ndani ya boti, akakikata kwa mkono wake. Wavu mpya, wakuu.

Mnadhani mnyama alishukuru? Alipita juu ya miguu yetu kama umeme, mimi nikapanda juu ya kiti, akakwapua sato mnene kuliko wote walionasa kwenye ule wavu, akaruka majini kuelekea kwa watoto wake.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku ile makila yetu tukayatega mbali na mawe. Nyavu hazikuchanika tena kama zamani, na majirani wakaanza kutuiga.

Nilichojifunza: mtu anaweza kukubishia mchana kutwa, lakini mpe nafasi asikie mwenyewe.

Nyie wa kanda ya ziwa, fisi maji bado mnawaona? Na wa pwani, pomboo wakinasa mnafanyaje? Karibuni mtiririke.

Ila hedifoni hatukurudishiwa mapema. Mjomba alishinda nazo ufukweni hadi jua linazama, maikrofoni ikiwa majini, anawahadithia akina mama wanaonunua dagaa. Kwa kuwa masikio yalizibwa, alikuwa anapiga kelele bila kujua, na ufukwe mzima ukajua kwamba Masanja amemsamehe mwizi wake.