Vuai Mpiga Mbiu na Ahadi ya Wazungu

Vuai Pandu wa Mchangani alipiga mbiu ya Seyyid, Sultani wa Unguja, tangu ndevu hazijamwota. Likizuka jambo aliitwa jumbani, akapewa maneno, akachukua pembe yake akazunguka mji, Malindi mpaka Mnazi Mmoja.

Mbiu aliyopenda kuisimulia ilikuwa ya 1862. Mfaransa na Mwingereza walikuwa wametia saini huko kwao kwamba Unguja ni nchi huru, wala hapana kati yao atakayeigusa. Watu walishangilia, na muuza halua wa Darajani akampakulia bure. "Siku ile sauti ilitoka yenyewe," alikuwa akituambia sisi jirani zake.

Baada ya hapo mbiu zikawa nzito. Mjerumani alishika bara. Halafu Wazungu wakaja kupima mrima, ile pwani ya bara iliyokuwa ya Seyyid, naye akaachiwa ukanda mwembamba tu. Vuai aliyatangaza yote kwa maneno matamu aliyopewa, kisha akirudi nyumbani hasemi na mtu. Mkewe, Mwatima, alizoea kumwekea chakula na kunyamaza naye.

Mwaka 1890 akaitwa tena, mzee sasa. Akaambiwa atangaze kwamba Seyyid amepata ulinzi wa Mwingereza, na Mfaransa na Mjerumani wameridhia. Alipofika Mkunazini, Hamduni muuza kahawa alimsimamisha.

"Mzee Vuai, wanatulinda na nani?"

"Sikuambiwa."

"Na ile ahadi yao uliyotutangazia, baba yangu akachinja mbuzi?"

"Hamduni, mwanangu, niache nipite. Miguu inaniuma."

Hamduni akamwambia basi apumzike, maana uongo nao unachosha. Vuai akapita.

Darajani alipiga pembe, watu wakajaa. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Mwenye nyumba kapata mlinzi. Mlinzi kaingia ndani, kafunga mlango." Akashika njia ya kwao.

Hata alasiri haijaadhiniwa, habari ilishafika jumbani. Akaja askari mmoja, akachukua pembe, akaenda zake. Mwatima alifunga nguo za mumewe akingojea waje kumpeleka gerezani, lakini hakuna aliyekuja. Vuai alisema pengine hawakuona haja.

Toka hapo walisokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, yeye na mkewe, mlangoni pao. Nilimuuliza siku moja kama anajuta. Akasema hapana, amechoka tu, na uchovu wenyewe si wa jana.

Alifariki wakati wa vuli, akiwa na kamba mkononi. Mwatima alipotoka eda aliimalizia, akaipeleka sokoni.