Mawe Mawili Nje ya Ua

Mimi ua siuamini. Nilikulia Kabuchai, ambako mpaka kati ya shamba letu na la baba mdogo ulikuwa mstari wa mikonge, na mikonge ile ilikuwa na miguu. Kila msimu wa kulima ilisogea mtaro mmoja upande wetu, na kila msimu baba alisema labda amehesabu vibaya. Alipofariki, tulikuwa tumebaki na nafasi ya kugeuzia jembe tu. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta nyumba ya kununua Kitale, nilimshuku kila mtu kabla hajafungua mdomo.

Tulikuwa na haraka, mimi na mume wangu. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na nyumba ya shule tuliyoishi miaka yote ilitakiwa iwe wazi mwisho wa muhula. Kurudi Kabuchai hatukuweza, maana hapakuwa na pa kurudi. Kiinua mgongo changu kilitosha nyumba moja. Nikikosea, hakuna ya pili.

Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya mama mmoja mjane, fundi wa kushona sare za shule, aliyetaka kuhamia kwa binti yake Bungoma mjini. Vyumba vitatu, paa la mabati, jiko la nje, migomba. Bei yake ilikuwa nafuu, na unafuu huo ndio ulionitia wasiwasi. Nikamuuliza kwa nini anauza rahisi hivyo.

"Si nataka tu mtu mzuri, mwalimu," akasema.

Mtu mzuri! Kesho yake nilikuwa ofisi ya ardhi, nikiomba kumbukumbu za kiwanja, nikitarajia kukuta mkopo, au kesi, au jina la mtu mwingine kabisa. Sikukuta kitu. Jina lilikuwa lake, hati ilikuwa safi. Hapo nikamshuku zaidi.

Nikamleta mpimaji wa ardhi, mwanamke wa Misikhu mwenye gambuti na maneno machache. Alitandaza ramani kwenye nyasi, akaanza kutafuta mawe ya mpaka, zile saruji ndogo zenye chuma katikati ambazo hufukiwa kila pembe ya kiwanja. Mawili ya upande wa kushoto yalikuwa pale pale penye kona za ua. Mawili ya kulia hayakuwepo. Nikasema moyoni, leo nimemshika. Ua huu umekula ardhi ya jirani, na mimi karibu ninunue kesi.

Mpimaji akapima tena. Akatoka nje ya ua, akavuka njia ndogo iliyopita kando yake, akaanza kuchimba upande wa pili. Jembe likagonga kitu. Akaenda mwisho wa njia, akachimba, likagonga tena.

"Mwalimu, hii ua si ya kweri," akasema. "Mama amejipunja. Hii njia yote ni yake."

Nikapima kwa miguu. Hatua nne kwa upana, kuanzia barabarani hadi nyuma kabisa. Mwanamke mwenye mtungi kichwani alitupita akatusalimu, nami nikamwitikia huku nikihesabu vyumba vya kupangisha.

"Nimwambie mama?" mpimaji akauliza.

"Aliyekuita ni mimi," nikamjibu. "Fukia."

Akafukia kwa mguu, bila kuniangalia.

Nikaandika barua ya ofa. Nilishusha bei yake, nikataja kutu ya mabati na ufa wa jikoni, mambo ambayo kwa kweli hayakunisumbua. Kuhusu ukubwa niliandika "kiwanja kama kilivyo katika hati." Maneno hayo niliyachagua kwa makini sana. Ua sikuutaja.

Mama aliisoma polepole, akaketi na barua mbele ya cherehani yake.

"Bei sina neno," akasema. "Lakini mpimaji alisema aje?"

"Alisema iko sawa. Ua ndio mpaka."

Akageuka kutazama dirisha. Nami nikatazama, ndipo nikatambua kwamba dirisha lile lilielekea kwenye njia.

"Mwalimu, si niliwaona mkichimba? Mkachimba, mkafukia."

Akanieleza bila hasira, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Nyumba mbili za nyuma hazina pa kutokea. Marehemu mume wake aliuvuta ua ndani kwa mikono yake ili wale watu wapite, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Ndiyo sababu bei ilikuwa chini. Alitaka mnunuzi ambaye angekubali kuuacha ua pale ulipo.

"Nilikuwa nikuambie leo, kabla tuandikiane," akasema. "Hata hiyo bei yako ningechukua." Akaikunja barua, akanirudishia. "Lakini wewe uliona, ukanyamaza. Wewe utafungia hao watu njia."

Nilitaka kumwambia ananionea. Lakini ndani ya mkoba wangu kulikuwa na ile ramani, na nyuma yake nilikuwa nimeshachora vyumba vinne kwa penseli.

Nilimkuta mume wangu akifunga vyombo katika magazeti. Nikamwambia vipimo havikukubaliana na ua, kwa hiyo nyumba ile basi. Kila neno lilikuwa la kweli. Akashusha pumzi, akanishika bega.

"Wewe hawakuwezi," akasema. "Mwingine angeingia mzima mzima."

Kisha akampigia dada yake simu amsimulie jinsi nilivyomgundua yule mama. Nilikuwa jikoni namenya viazi nilipomsikia akimwita mwizi, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Sikutoka kumsahihisha. Hadi leo sijamsahihisha.