Mpini Ndani ya Debe

Mjukuu wangu kaniletea kisu kipya chenye mpini mweusi. Kinanukia mafuta ya nazi, na harufu hiyo imenirudisha sokoni Ngamiani, kwenye mkeka wa baba.

Baba alikuwa akichonga mipini ya visu, akiipaka mafuta ya nazi na kuiuza. Watu waliitaka ya mpingo, na mpingo nilikuwa naujua, maana alinifundisha mwenyewe: ukiutia majini, unazama kama jiwe.

Siku moja mama mmoja alishika mpini mmoja mweusi, akaugeuzageuza. "Hakika huu ni mpingo, fundi?"

"Mpingo mtupu, bibie."

Nikadakia kwa mbwembwe, "Tazama, shangazi!" Nikaupokea, nikautumbukiza kwenye debe la maji ya kunolea visu.

Ukaelea. Ukazunguka taratibu, na maji pembeni yake yakaanza kuingia weusi wa masizi.

Baba aliuopoa, akaufuta kwa kiganja, akaufuta tena. "Mtoto huyu kaubadilisha," akamwambia yule mama bila kunitazama. "Mtundu mno."

Yule mama akaniinamia. "Kweli, mwanangu?"

"Kweli, shangazi. Nimeubadilisha mimi."

Tulikunja mkeka kabla ya adhuhuri. Njia nzima baba alinishika mkono. Tulipoingia uani, mama yangu alinikamata kiganja, akakigeuza juu.

"Mweusi hivi! Umeshika nini?"

Baba alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Mkono wa baba," nikasema.